Kumaliza vita: Kiongozi afuate rai ya umma au asimame na rai yake?

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake, masahaba zake na kila anayefuata nyendo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tumeona ni vyema tuitazame kadhia ambayo imewagawa watu katika zama nyingi: pale umma unapochoka na vita na kutaka vikomeshwe, je, kiongozi analazimika kuwasikiliza? Au anayo haki ya kusema kwamba yeye ndiye aliyekabidhiwa amana, hivyo ataamua anavyoona yeye?

Hili si suala la wanasiasa peke yao. Vita huamuliwa na wachache waliokaa kwenye viti, lakini gharama yake hulipwa na mama anayempoteza mwanawe, mke anayekaa eda kabla ya wakati na yatima asiyejua ni nani atakayemlipia ada ya shule.

Neno moja lililotoka Muscat

Tuanze na mfano ambao wengi wetu tuliushuhudia kupitia redio na televisheni. Mwezi Machi 2003 Marekani na washirika wake waliivamia Iraq. Mwezi mmoja kabla, tarehe 15 Februari, mamilioni ya watu walikuwa wameandamana katika miji mingi ya dunia kuipinga vita hiyo. Hawakusikilizwa. Huko Marekani kwenyewe, hata hivyo, wananchi wengi waliiunga mkono, kwa kuwa walikuwa wameambiwa kwamba Iraq ina silaha za maangamizi. Silaha hizo hazikupatikana.

Miaka ikapita, majeneza yakaongezeka na rai ya Wamarekani ikageuka. Novemba 2006 chama cha Rais George W. Bush kilipoteza mabaraza yote mawili ya Bunge, na Waziri wa Ulinzi akaondoka. Wengi walidhani kwamba sasa majeshi yangerudi nyumbani. Badala yake, Januari 2007 Rais alitangaza kupeleka askari wengine zaidi ya 20,000, na mwezi Mei mwaka huo akaupinga kwa kura yake ya turufu muswada wa Bunge uliotaka kuwepo ratiba ya kuondoka.

Machi 2008, vita ilipotimiza miaka mitano, Makamu wa Rais Dick Cheney alihojiwa na mwandishi wa habari akiwa Muscat, mji mkuu wa Oman. Mwandishi alimkumbusha kwamba theluthi mbili ya Wamarekani wanaona vita hiyo haikustahili kupiganwa. Jibu lake la kwanza lilikuwa neno moja tu, ambalo kwa Kiswahili ni sawa na kusema: "Kwa hiyo?" Kisha akaeleza kwamba kiongozi hapaswi kuyumbishwa na tafiti za maoni zinazopanda na kushuka.

Ndugu msomaji, tusiipuuze hoja hiyo kwa sababu tu hatumpendi aliyeisema. Ni kweli kwamba rai ya watu hubadilika kama upepo wa kusi na kaskazi. Ni kweli pia kwamba nahodha hawezi kumuuliza kila abiria aelekeze wapi tanga. Wapo wanaosema kuwa mauaji yalipungua Iraq mwaka 2008, na kwamba hilo linathibitisha kuwa uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini kupungua huko hakukuletwa na bunduki peke yake. Kulichangiwa pia na maafikiano na makabila ya Kisunni yaliyoamua kupambana na Al-Qaeda, na amri ya Muqtada al-Sadr ya Agosti 2007 ya kusimamisha mapigano ya wapiganaji wake. Hatimaye, mwisho wa 2008 Marekani na Iraq zilitiliana saini mkataba, na askari wa mwisho wa kundi hilo wakaondoka Desemba 2011. Hata hapo ulihitajika mkataba.

Sasa tuuache mfano huo kwa muda, tuulize: Uislamu unasema nini?

Uhud: Shura iliyouma

Mwaka wa 3 Hijiria, Makureshi walipokuja kulipiza kisasi cha Badr, Mtume (S.A.W) aliwakusanya masahaba zake na kuwataka shauri. Rai yake yeye ilikuwa wabaki Madina na kuupigania mji kutoka ndani. Wengi, hasa vijana na wale ambao hawakuiwahi Badr, walitaka kutoka kwenda kumkabili adui. Mtume (S.A.W) akaifuata rai yao, akaingia ndani na kuvaa deraya.

Alipotoka tayari kwa safari, wale vijana walikuwa wamejuta kwa kuhisi kwamba wamemlazimisha. Wakamtaka abaki ikiwa anapenda. Akawafahamisha kwamba haimfalii Nabii akishavaa deraya kuivua mpaka Mwenyezi Mungu ahukumu baina yake na adui yake. Matokeo tunayajua. Watu wapatao 300 walirejea njiani pamoja na Abdullah bin Ubayy, na katika medani Waislamu 70 waliuawa, akiwemo Hamza, ami yake Mtume.

Kama kuna siku ambayo ingefaa kusema kwamba kuwashauri watu ni hasara, ni siku hiyo. Lakini baada ya Uhud ndipo iliposhuka aya ya 159 ya Sura Aal Imran, ambamo Mwenyezi Mungu anamwamuru Mtume wake awasamehe, awaombee msamaha na aendelee kuwashauri katika mambo. Shura haikufutwa kwa sababu ya matokeo machungu. Ilitiliwa mkazo. Ikiwa Mtume mwenye kushushiwa wahyi ameamrishwa kushauriana na watu wake, ni nani leo atakayedai kuwa amejitosheleza?

Khandaq: Wenye mzigo waliulizwa

Mwaka wa 5 Hijiria Madina ilizingirwa. Baridi, njaa na hofu viliwabana Waislamu. Mtume (S.A.W) alifikiria kuwapa kabila la Ghatafan theluthi moja ya mavuno ya tende za Madina ili waondoke na kuuvunja muungano wa maadui. Lakini tende hizo zilikuwa za Ansari. Hivyo hakuipitisha suluhu hiyo hadi alipowataka shauri viongozi wao wawili, Saad bin Muadh na Saad bin Ubada (R.A).

Wao waliuliza kwanza: je, hii ni amri ya Mwenyezi Mungu, au ni jambo unalotufanyia kwa kutuonea huruma? Walipojua kuwa ni kwa ajili ya kuwapunguzia taabu, walikataa, wakachagua kustahimili. Mtume (S.A.W) akaikubali rai yao na jambo hilo likaachwa.

Hapa pana fundisho kubwa. Anayeubeba mzigo wa vita ana haki ya kuulizwa juu ya mzigo huo, iwe ni kuuendeleza au kuutua. Kiongozi hagawi tende za watu, sembuse kugawa roho zao, bila ya kuwashauri wenyewe.

Hudaybiya: Umma ulipokataa amani

Hata hivyo, ndugu zangu, tusidhani kwamba sauti ya wengi daima ndiyo ya haki. Mwaka wa 6 Hijiria Mtume (S.A.W) alitoka na masahaba wapatao 1,400 kwenda kufanya Umra. Makureshi wakawazuia, na mwisho ukaandikwa mkataba wa Hudaybiya: vita visimame kwa miaka 10, Waislamu warudi mwaka huo bila ya kuiona Kaaba, na Mkureshi atakayekimbilia Madina bila ya idhini ya walii wake arudishwe.

Masharti hayo yaliwachoma masahaba. Umar (R.A) alimwendea Mtume, kisha Abu Bakr (R.A), akiuliza kwa nini wakubali unyonge katika dini yao ilhali wako katika haki. Mara akaja Abu Jandal akiburura minyororo, akiomba hifadhi, naye akarudishwa. Mtume (S.A.W) alipoamuru watu wachinje na kunyoa, hakuna aliyesimama, ingawa alikariri mara tatu. Aliingia kwa mkewe Ummu Salama (R.A), naye akamshauri atoke bila kusema na mtu, achinje mnyama wake na kunyolewa. Alipofanya hivyo watu wote walinyanyuka na kumfuata.

Njiani wakirejea ikashuka Sura Al-Fat'h, ikayaita yale waliyoyaona kuwa ni unyonge kuwa ni ushindi ulio dhahiri. Kabla ya miaka miwili kutimia, wale 1,400 walikuwa 10,000 wakiingia Makka.

Basi, je, Hudaybiya haimpi hoja kiongozi anayesema "Kwa hiyo?" Hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza, Mtume (S.A.W) alikuwa na wahyi, na kiongozi wa leo hana. Alichonacho ni ushahidi, wataalamu na shura. Ya pili, hapo Mtume aliipinga ghadhabu ya watu ili kuzuia damu isimwagike. Kuisimamisha rai yako dhidi ya umma ili vita ikome si sawa na kuisimamisha ili vita iendelee. Sura Al-Anfal, aya ya 61, inaagiza kwamba adui akielekea kwenye amani, nawe uelekee huko na umtegemee Mwenyezi Mungu. Mlango wa kumaliza vita umefanywa mpana kuliko mlango wa kuiendeleza.

Njia hiyo ndiyo aliyoipita mjukuu wake, Hassan bin Ali (R.A), mwaka 41 Hijiria. Alikuwa na jeshi, na walikuwemo katika wafuasi wake waliomlaumu kwa uchungu. Lakini alimwachia Muawiya (R.A) uongozi ili damu za Waislamu zihifadhiwe, ikatimia bishara ya babu yake kwamba kupitia kwake Mwenyezi Mungu atayapatanisha makundi mawili makubwa ya Waislamu.

Mizani yetu

Kutokana na hayo tunaweza kuiweka mizani. Kwanza, kiongozi hana ruhusa ya kuacha kushauriana, hata kama mashauriano yaliyopita yalimletea machungu.

Pili, shura haiwi shura ikiwa watu wamedanganywa. Umma ulioambiwa habari za silaha zisizokuwepo haukushauriwa, bali ulighilibiwa. Na unapoujua ukweli na kubadili rai yake, hiyo si kuyumba. Huko ni kurejea kwenye haki.

Tatu, lazima tuulize ni rai ya nani inayotafutwa. Katika vita ya Iraq dunia ilihesabu maoni ya Wamarekani, ilhali waliokufa kwa wingi zaidi ni Wairaki. Ufaransa iliwauliza raia wake kuhusu Algeria katika kura za maoni za Januari 1961 na Aprili 1962, nao wakakubali kwa wingi mkubwa vita imalizike. Lakini jambo lilikamilika Julai 1962 pale Waalgeria wenyewe walipopiga kura na kuchagua uhuru.

Nne, kiongozi akiona kwamba umma unakosea, wajibu wake ni kuusubiri, kuuelimisha na kuuonyesha kwa vitendo, kama alivyofanya Mtume (S.A.W) kwa shauri la Ummu Salama. Kuudharau si katika wajibu huo. Anayeijibu huzuni ya wazazi kwa neno la kebehi ameisahau siku atakayoulizwa kuhusu alichokichunga.

Ndugu Waislamu, Sura Al-Baqara, aya ya 233, inawataka baba na mama waridhiane na kushauriana wanapotaka kumwachisha mtoto kunyonya kabla ya miaka miwili. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kunahitaji mashauriano, vipi kumtoa mtoto huyo, akishakua, aende kuua au kuuawa? Tuwalee watoto wetu katika nyumba ambazo mkubwa husikiliza na mdogo husema kwa adabu. Atakayezoea kuamuliwa kwa kebehi nyumbani, akipata madaraka naye ataamua kwa kebehi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azizime fitina popote zilipo, awarehemu waliouawa kwa dhulma, awahifadhi wajane na mayatima, na awape wenye mamlaka masikio ya kusikia na nyoyo zenye khofu Naye. Amin.

Wabillahi Tawfiq.