Kigugumizi na Hofu ya Kuchekwa (Sehemu ya Tatu)

Kigugumizi hukomaa kwa kufichwa. Aina zake, pamoja na chanzo chake katika ubongo na urithi, zimekwisha kuelezwa katika sehemu zilizotangulia. Iliyobaki ni hofu, ambayo huwatesa wengi kuliko kukwama kwenyewe. Siku ya kimataifa ya kigugumizi, inayoadhimishwa kila Oktoba 22 tangu mwaka 1998, huirudisha hofu hiyo magazetini.

Zamani lawama ilibebeshwa ulimi. Mwaka 1841 daktari mpasuaji wa Berlin, Johann Dieffenbach, aliwakata wagonjwa kipande cha nyama kwenye shina la ulimi, wakati upasuaji ulikuwa bado haujapata dawa ya usingizi. Madaktari wengine wa Ulaya wakamwiga. Damu ilimwagika na kigugumizi kikabaki. Huo ulikuwa ukatili wa watu waliokuwa na haraka ya kumnyoosha msemaji, wasiokuwa na subira ya kumsikiliza.

Busara ilitoka kwa mwenye kigugumizi mwenyewe. Charles Van Riper, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1905, aliwahi kufanya kazi shambani akijifanya bubu na kiziwi ili asichekwe. Kwa masimulizi yake, alikutana na mzee mwenye kigugumizi aliyeyaachia maneno yatoke taratibu, kwa kuwa alikwisha kuchoka kushindana na nafsi yake. Van Riper akatambua kuwa kinachomkaba mtu ni zile juhudi za kukwepa kukwama. Katika kliniki aliyoianzisha Kalamazoo mwaka 1936, alifundisha hatua tatu. Kwanza, aliyekwama alimalize neno, atue, kisha alirudie kwa ulaini. Pili, ajifunze kulilegeza neno akiwa bado amekwama. Tatu, neno analoliogopa aliingie kwa ulaini tangu mwanzo. Aliwazoesha wagonjwa wake pia kukwama makusudi mbele ya watu, hadi woga upungue.

Mafunzo hayo yanafaa hata leo. Mwenye kigugumizi na awaambie wasikilizaji mapema kwamba atakwama, wala asibadilishe neno alilolikusudia. Mwalimu asimmalizie mwanafunzi sentensi wala kumwamuru atulie. Amtazame usoni na kungoja. Anayemcheka mwenye kigugumizi amepungukiwa adabu, na adabu hiyo ni wajibu wa wazazi kuifundisha nyumbani kabla mtoto hajaanza shule.