Reli Imeondoka, Kijiji Kimebaki

Msomaji mpendwa, fuatana nami leo mpaka Uingereza. Si London penye kelele za magari, bali shamba, katika mabonde ya Derbyshire. Hatupandi treni. Tutakwenda kwa miguu juu ya njia yake ya zamani, maana reli yenyewe haipo tena.

Njia hii ilifunguliwa mwaka 1863. Ilivuka mto Wye juu ya daraja refu la mawe, kisha ikapenya vilima kwa mahandaki. Mwandishi John Ruskin alilalamika sana kwamba bonde zuri la Monsal limeharibiwa. Lakini miaka ikapita, wenyeji wakaizoea, na maziwa yao na mawe ya chokaa yakasafirishwa kwa treni.

Baadaye malori na motokaa zikazidi, reli ikaanza kupata hasara. Mwaka 1963 Bwana Richard Beeching, mkuu wa reli za nchi ile, alitoa taarifa ya kushauri stesheni 2,363 zifungwe. Vijiji vingi vikakosa treni. Njia yetu hii nayo ilifungwa mwaka 1968.

Je, mambo yakaishia hapo? La. Mwaka 1981 wakuu wa hifadhi ya Peak District waliigeuza kuwa njia ya waendao kwa miguu. Mwaka 2011 mahandaki makubwa manne yakafunguliwa tena, yakawekwa taa. Sasa hata mzee aweza kutembea maili 8 na nusu bila kuhema, kwa kuwa treni haipendi mwinuko mkali. Na lile daraja alilolilaumu Ruskin, leo linalindwa na sheria!

Msafiri akichoka, hushuka kijijini kutafuta baa. Usidhani kwamba ni mahali pa ulevi tu. Baa ya kijiji cha Kiingereza ni kama baraza: wazee huota moto, jamaa hula chakula pamoja, na habari za kijiji hupatikana hapo. Nyingine huitwa Cross Keys, yaani funguo mbili zilizopishana, alama ya Mtakatifu Petro.

Lakini baa hizo nazo zinafungwa mwaka hata mwaka. Huko Hesket Newmarket, kijiji cha Cumbria, mbali upande wa kaskazini, baa ya Old Crown ilipokuwa inauzwa, wanakijiji walihofu isije ikaangukia mikononi mwa kampuni kubwa. Wakaanzisha ushirika. Watu zaidi ya 100 walichanga fedha, na mwaka 2003 wakainunua wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, ndugu msomaji, tutazame na kwetu. Kijijini kwako kuna kisima gani kilichoachwa, ghala gani lililofungwa, njia gani iliyomezwa na majani? Kulalamika ni rahisi, na kila mtu anajua. Lakini ni nani atakayekuwa wa kwanza kuwaita wenzake wakae, wahesabu walicho nacho, na kuanza kazi?