Walitoweka au walitoweshwa? Makumbusho na haki za binadamu

Neno makumbusho ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyoundwa kwa busara. Asili yake ni kitenzi kumbuka. Tukikitia maana ya kusababisha tunapata kumbusha, na kutoka hapo nomino makumbusho. Wazungu waliipa nyumba ya namna hiyo jina linalotokana na miungu ya kike ya Wayunani, walezi wa sanaa na elimu. Sisi tuliiita kwa kazi yake. Basi makumbusho, kwa mujibu wa sarufi yetu wenyewe, sharti yamkumbushe mtu jambo. Yasipofanya hivyo huwa ghala, na ghala hata likifagiliwa na kutiwa taa hubaki kuwa ghala.

Nayasema haya kwa ajili ya walimu wenzangu wanaowapakia wanafunzi kwenye mabasi kutoka Bungoma, Kimilili na Webuye na kuwapeleka Kitale. Safari hiyo ni njema. Makumbusho ya Kitale yaliasisiwa mwaka 1926 na mlowezi Mwingereza, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mtu aliyependa mno kukusanya wadudu, ndege na vitabu. Alipofariki mwaka 1966 mkusanyo wake ulirithiwa na taifa, na mwaka 1974 jengo jipya likafunguliwa. Mwanafunzi akizuru huko hutoka akijua babu zake walijenga nyumba za namna gani na walitumia vyombo gani. Lakini kuna swali ambalo mwalimu hana budi kulipakia yeye mwenyewe ndani ya basi: je, babu hao walitendewa nini, na nani?

Trans Nzoia, tusisahau, ilikuwa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu. Kibarua aliyelima mahindi katika mashamba hayo alivaa shingoni kijisanduku cha chuma chenye cheti cha alama za vidole vyake, na bila hicho hakuruhusiwa kwenda popote. Cheti hicho kiliitwa kipande. Hebu litazame neno lenyewe, msomaji: kipande, yaani sehemu iliyokatwa kutoka kwa kitu kizima. Sina hakika kama kuna mhadhara wa haki za binadamu unaoweza kusema zaidi ya neno hilo moja.

Anayetaka makumbusho ya haki hasa na aendelee na safari kuelekea kaskazini hadi Kapenguria, katika kaunti jirani ya Pokot Magharibi. Yalifunguliwa mwaka 1993, na ndani yake zimehifadhiwa seli walimofungiwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba. Walikamatwa Oktoba 20, 1952. Kesi yao ilianza Novemba na hukumu ikatolewa Aprili 8, 1953: kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Kapenguria ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa mbali na macho ya watu. Mawakili wa utetezi, wakiongozwa na D. N. Pritt, walilazimika kulala Kitale na kusafiri kwenda mahakamani. Hakimu Ransley Thacker alilipwa na serikali pauni 20,000. Shahidi mkuu wa upande wa mashtaka, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, na kwa kuapa hivyo akafungwa. Oneko naye alishinda rufani mwaka 1954, lakini ushindi huo haukumfungulia mlango, aliendelea kuzuiliwa.

Mimi nafundisha isimu, kwa hiyo mtanisamehe nikisema kwamba katika kesi hiyo jambo linalonigusa kuliko yote ni la mkalimani. Mkalimani wa mahakama alikuwa Louis Leakey, mwanaakiolojia aliyekulia miongoni mwa Wagikuyu na kuijua lugha yao barabara. Mwaka huohuo wa 1952 alikuwa amechapisha kitabu kuhusu Mau Mau. Utetezi ulilalamika kwamba mtu mwenye msimamo wake hawezi kuwa kinywa cha mshtakiwa, na hatimaye Leakey akajiondoa. Hapo mwanafunzi ana funzo ambalo halimo katika vitabu vingi vya sarufi: kwamba haki ya mtu yaweza kupotea katika njia kati ya lugha mbili, kabla hata hakimu hajaandika neno.

Sasa turudi Bungoma. Juu ya mji wa Webuye kuna kilima cha Chetambe. Huko, mwaka 1895, Wabukusu waliokuwa ndani ya ngome iliyozungukwa na handaki walishambuliwa na kikosi cha Waingereza kilichotumwa na Charles Hobley, baada ya mapigano ya Lumboka. Wakoloni waliviita vita hivyo msafara wa kuadabisha, kana kwamba waliouawa walikuwa watoto watukutu. Na huko Malakisi, Februari 10, 1948, polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa, wakawaua watu 11. Tukio hilo limebaki vitabuni kwa jina la ghasia za Malakisi. Ghasia za nani? Neno hilo linawatwika mzigo wafu.

Miezi kumi kamili baada ya siku hiyo, Desemba 10, 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha Tangazo la Haki za Binadamu mjini Paris. Kifungu cha 9 kinakataza mtu kukamatwa, kuzuiliwa au kuhamishwa kwao kiholela. Wakati huo kiongozi wa Msambwa, Elijah Masinde, alikuwa ameng'olewa Bungoma, na uhamisho wake ulimfikisha Lamu. Serikali ya uhuru nayo ikaja ikaipiga marufuku dini yake mwaka 1968 na kumfunga yeye zaidi ya mara moja, hadi alipofariki mwaka 1987. Iwapo siku moja Masinde atapewa chumba katika makumbusho, chumba hicho kitahitaji kuta mbili, moja kwa kila serikali.

Jeraha lililo bichi zaidi ni la Mlima Elgon. Ugomvi wa ardhi ya makazi ya Chebyuk ulizaa kundi la SLDF, ambalo kuanzia mwaka 2006 liliua, likabaka na kuwakata watu masikio. Machi 2008 jeshi lilipelekwa huko katika operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa vijijini na kupelekwa katika kambi ya Kapkota, na mashirika ya haki yakaeleza jinsi walivyoteswa humo. Shirika la Human Rights Watch lilisema mwaka 2011 kwamba watu wasiopungua 300 walichukuliwa ama na SLDF ama na askari, na hawakuonekana tena.

Watu hao tunawazungumziaje? Kwa kawaida tunasema walipotea, au walitoweka. Kiswahili kina kauli ya kutendeka, ambayo hueleza jambo bila kumtaja mtendaji: kikombe kimevunjika, mlango umefunguka. Ni kauli nzuri kwa vikombe. Kwa binadamu aliyetolewa nyumbani kwake alfajiri mbele ya mkewe, kitenzi kinachofaa ni kutoweshwa, na baada yake ije na, kisha jina la aliyemtowesha. Wala huu si ubishi wa wataalamu wa lugha. Mtu akihesabiwa kuwa amepotea tu, mkewe hana cheti cha kifo, na bila cheti ni vigumu kurithi shamba. Sheria ya Ushahidi humtaka asubiri miaka saba kabla mumewe hajachukuliwa kuwa amekufa.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwasikiliza watu wa mlimani mwaka 2011, na ripoti yake ikakabidhiwa Rais Mei 2013. Ushahidi upo, basi. Mamlaka pia yapo: Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazitaja makumbusho miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Bungoma na Trans Nzoia zinaweza kukubaliana kujenga nyumba moja ya ukumbusho, yenye maelezo kwa Kiswahili, Kibukusu na Kisabaoti.

Ugumu utakuja wakati wa kuandika maelezo hayo. Watakuwapo watakaotaka masikio yaliyokatwa yatajwe na Kapkota isitajwe, na wengine watataka kinyume chake. Mjane wa aliyeuawa na SLDF na mjane wa aliyechukuliwa na askari huenda wanachota maji katika mto mmoja. Kabla kaunti hazijaamua, walimu wa Kiswahili wanaweza kuanza: wampe kila mwanafunzi tukio moja kati ya haya, aliandikie maelezo ya maneno yasiyozidi 40, na kila kitenzi kiwe na mtendaji wake.