Saa 8 za tangazo, saa moja na nusu za mchezo

Je, wajua kwamba kompyuta ya michezo ya kushika mkononi inaweza kuzima kabla muda wa filamu moja haujaisha, ilhali tangazo lake linataja hadi saa 8?

Tuanze na Steam Deck ya kampuni ya Valve ya Marekani, iliyoanza kuwafikia wanunuzi Februari 2022. Ilipotoka ilikuwa na uzito wa gramu 669, kioo cha inchi 7 na betri ya wati-saa 40. Valve ilitangaza kwamba chaji hudumu kati ya saa 2 na 8. Siri ya pengo hilo ni hesabu ya darasani: gawanya wati-saa kwa wati. Prosesa peke yake hula wati 4 hadi 15. Mchezo mzito ukiibana hadi 15, kisha ukajumlisha kioo, feni, spika na Wi-Fi, mashine nzima hukaribia wati 25. Gawanya 40 kwa 25: saa moja na dakika 36. Ili zitimie saa 8, mashine nzima isipite wati 5, yaani kamchezo kepesi na mwanga wa kioo umefifizwa.

Juni 2023 kampuni ya ASUS ikaja na kifaa shindani, ROG Ally. Betri ni ileile ya wati-saa 40, ila prosesa inaweza kula hadi wati 30. Tangazo likajivunia teraflopu 8.6, kipimo cha kasi ya hesabu za prosesa, wakati Steam Deck ina 1.6. Mnunuzi anasoma: mara tano! Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba kila amri inakwenda sambamba na nyingine, jambo ambalo michezo hailifanyi kila mara, tena kwa umeme mwingi. Ziwekee zote mbili wati 15, na zile mara tano huzioni.

Katika mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, hesabu hizi zina uzito zaidi. Mabwawa ya umeme ya Ruzizi I, la mwaka 1958, na Ruzizi II, la 1989, yako jirani, lakini umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika, na mtu hukimbilia pawabenki. Iliyoandikwa mAh 20,000 imepimwa kwa volti 3.7, sawa na wati-saa 74, na sehemu yake hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Ikitoa wati 10 huku mchezo unakula 25, betri itazidi kushuka ingawa alama ya chaji inawaka.

Kisha kuna nafasi ya kuhifadhi michezo. Mchezo wa Baldur's Gate 3 unadai gigabaiti 150, na Steam Deck ya bei ya chini ilipotoka ilikuwa na 64 tu. Anayenunua intaneti kwa mega za simu apige hesabu ya kupakua kabla ya hesabu ya kifaa.

Tukirudi kwenye chaji, ASUS wenyewe walitoa jibu mwaka 2024. ROG Ally X ilibaki na prosesa ileile, lakini betri ikapanda hadi wati-saa 80, na uzito ukatoka gramu 608 hadi 678. Kasi haikuwa na tatizo; chaji ndiyo ilikuwa haitoshi. Basi muuzaji akikutajia saa, muulize ni kwa wati ngapi.