Madirisha ya Meli ya Angani

Majuzi, katika maabara ya shule moja hapa Kenyenya, nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili namna ya kuitambua gesi ya haidrojeni. Tulitia vipande vya zinki katika asidi, tukaikinga gesi kwa neli, kisha nikausogeza mdomo wa neli kwenye kijiti kiwakacho. Mlio mdogo wa kupasuka ukasikika, na darasa zima likacheka. Nikawaambia kuwa gesi iyo hiyo iliwahi kuwabeba watu angani.

Niliwasimulia kwanza habari iliyo karibu nasi. Mnamo Novemba 1917 Wajerumani waliirusha meli ya angani, L 59, kutoka Jamboli nchini Bulgaria. Ilibeba watu 22 na takriban tani 15 za shehena, zikiwemo risasi na dawa za jeshi la Lettow-Vorbeck lililokuwa likipigana Afrika Mashariki. Ilipofika Sudan iliamriwa kurudi. Ilitua Jamboli baada ya kukaa hewani kwa saa 95 na kusafiri kilomita 6,757. Aprili 1918 ililipuka karibu na Italia, na wote waliokuwamo wakaangamia.

Kisha nikawaeleza habari za Hindenburg, iliyoanza kuruka mwaka 1936. Abiria wake waliishi kwa raha: vyumba vya kulala, ukumbi wa chakula, na baraza zenye madirisha ya kutazamia bahari. Tahadhari nazo hazikukosekana. Kila abiria alinyang'anywa viberiti kabla ya kupanda. Chumba cha kuvutia sigara kiliongezwa shinikizo la hewa ili haidrojeni isipenye. Hata hivyo, juu ya vichwa vyao mlikuwa na takriban mita za ujazo 200,000 za gesi iwakayo. Heliamu, isiyoshika moto, ilikuwa mikononi mwa Marekani, na sheria yake ilibana uuzaji nje. Tarehe 6 Mei 1937, ilipokuwa ikitua Lakehurst, Marekani, meli hiyo iliteketea kwa muda usiotimia dakika moja. Kati ya watu 97 waliokuwamo, 35 walikufa, pamoja na mfanyakazi mmoja aliyekuwa chini.

Mwanafunzi mmoja akainua mkono. "Mwalimu, hao 62 waliopona walitokea wapi?"

Nikamjibu kuwa wengi wa abiria waliruka kupitia madirisha ya baraza, meli ilipokaribia ardhi.

Swali hilo halikunipa usingizi. Wiki hiyo nilipata kutembelea shule nyingine ya bweni, ambayo sitaitaja. Nilikuta madirisha yamepigwa vyuma, na mlango mmoja kati ya miwili una kufuli. Nilipouliza sababu, niliambiwa kuwa vyuma vinawazuia wezi, na kufuli linawazuia wavulana kutoroka usiku. Nikakumbuka vile viberiti vilivyonyang'anywa: hatari ndogo imelindwa kwa bidii, ile kubwa imeachwa ilale pamoja na watoto.

Haya si mageni kwetu. Mwezi Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Kyanguli, Machakos, lililokuwa na vyuma madirishani na mlango uliofungwa. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Hata hivyo, Septemba 2024 tuliwazika wanafunzi 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri. Sheria tunazo, tulichokosa ni mtu wa kuzifuata hadi mlangoni.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Sibishani nao. Lakini dirisha lisilo na vyuma ni njia ya kutokea ajali ikishafika, na njia hiyo imo katika uwezo wetu. Mwizi akiiba godoro, tutanunua jingine.

Walimu wenzangu, mlio zamu usiku wa leo, jaribuni kila mlango wa bweni kwa mikono yenu. Nanyi wanafunzi, mkiona kufuli mahali pasipostahili, semeni bila woga, kama alivyouliza mwenzenu. Kuuliza huko si utovu wa adabu.