Fundi, Vifaa Vyako na Lango la Ukaguzi

Fundi wa umeme jua anayetoka Nkololo kwenda kufanya kazi Dar es Salaam husafiri kwa basi kupitia Bariadi na Lamadi hadi Mwanza, kisha hupanda ndege. Akifika kwenye ukaguzi akiwa na bisibisi, patasi na drili ndani ya begi la mkononi, vifaa hivyo huzuiliwa. Ikiwa begi lake kubwa limekwisha kukabidhiwa na hana aliyemsindikiza, hulazimika kuviacha, na kesho yake hufika kazini mikono mitupu.

Vifaa vya ufundi hukabidhiwa kaunta pamoja na mizigo mikubwa. Msumeno, drili na ncha zake haviingii na abiria, viwe virefu au vifupi. Kwa bisibisi na patasi, mwongozo wa kimataifa huweka kikomo cha sentimita 6. Hata hivyo, afisa wa ukaguzi anaweza kuzuia kifaa kifupi zaidi, kwa hiyo haifai kwenda kubishana naye kwa rula. Funga makali kwa kitambaa kizito yasimjeruhi atakayefungua begi.

Betri hufuata utaratibu wa kinyume, na hapa ni rahisi kukosea. Betri ya akiba ya lithiamu hubebwa mkononi. Ikipata hitilafu huweza kuwaka: ndani ya chumba cha abiria wahudumu watauona moto na kuukabili, ilhali katika chumba cha mizigo hakuna wa kuufikia. Zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa juu yake. Volti 18 kwa ampea-saa 5 ni wati-saa 90, nayo inaruhusiwa. Ikizidi wati-saa 100 hadi 160, omba idhini ya shirika la ndege, na usibebe zaidi ya mbili. Iliyozidi 160 haisafiri na abiria. Ziba vituo vyake vya umeme kwa utepe.

Mitungi ya gesi ya kuchomelea na petroli havikubaliki popote katika ndege ya abiria. Gesi inunuliwe uendako.

Pima begi kabla ya safari, hata kwa mizani ya pamba, kwani spana huzidisha uzito upesi. Piga picha za vifaa na utunze stakabadhi zake. Begi lisipofika, toa taarifa kaunta ya shirika kabla ya kuondoka uwanjani na udai nakala ya maandishi. Usiporidhika na majibu ya shirika, peleka lalamiko, pamoja na nakala hiyo, kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.