Kitabu cha Kikundi Kikipotea Ndani ya Kompyuta



Siku hizi vikundi vingi vya ufuoni mwa ziwa vinaweka hesabu zao ndani ya kompyuta. Hisa za wanachama, mikopo, faini, waliolipa na wasiolipa: yote yamo mle. Ni jambo jema, kwa maana jumla hutoka haraka na maandishi husomeka. Lakini kompyuta nayo hushikwa na magonjwa. Leo tunaeleza ugonjwa mmoja unaotisha, ambao mara nyingi una dawa, ikiwa tu hatutaharakisha kumzika mgonjwa.

Yaliyotokea Muhuru Bay

Kikundi kimoja cha akina mama wanaokausha na kuuza omena pale Muhuru Bay kilikuwa na kompyuta ya mezani. Hesabu zote ziliwekwa katika hadidiski ndogo ya nje, ile inayochomekwa kwa waya. Jioni moja upepo wa mvua ulitoka ziwani, na stima ikapotea katibu akiwa bado anaandika malipo ya mikopo.

Asubuhi stima ilirudi. Kompyuta ikawaka vizuri. Lakini diski ilipochomekwa, ukatokea ujumbe kwamba ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Je, unataka kuifomati? Katibu, kijana mwaminifu, alikuwa tayari kubonyeza.

"Kufomati ndiyo nini?" mama mwenyekiti akauliza.

"Ni kama kuitengeneza upya, mama."

"Na vitu vyetu vitabaki?"

Kijana akanyamaza.

"Basi wacha kwanza," mama akasema. "Chomoa."

Zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya kugawana fedha za mwaka. Habari ikaenea kijijini upesi kuliko moto wa nyasi. Mmoja akadai amemaliza mkopo wake. Mwingine akadai hisa zake ni nyingi kuliko zilivyosomwa mara ya mwisho. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba mweka hazina ndiye aliyeharibu mashine ili kuficha jambo. Mama huyo alikuwa ametunza fedha za wenzake miaka mingi bila doa. Sasa hata njiani watu walimwangalia kwa jicho la pembeni. Ndiyo sababu tunasema jambo hili si la mafundi peke yao. Hesabu zikipotea, imani nayo hupotea.

Ni nini hasa kilichoharibika?

Hebu fikirini ghala lililojaa magunia ya omena. Mlangoni yuko karani na daftari lake. Mzigo wa mama fulani una magunia matano, lakini hayakukaa pamoja: mawili yako safu ya kwanza, moja liko nyuma, mawili yako karibu na dirisha. Karani hana shida. Anafungua daftari, anaona, anaenda moja kwa moja kuyachukua.

Sasa daftari likilowa maji na kurasa zikashikana, je, omena imepotea? Hapana. Magunia yako palepale. Kilichopotea ni njia ya kujua lipi ni la nani na liko wapi.

Hadidiski ni hivyo hivyo. Faili lako hukatwa vipande na kuwekwa mahali mbalimbali. Diski ina daftari lake la ndani linaloandika jina la kila faili, ukubwa wake na mahali vipande vilipo. Stima ikikatika daftari hilo likiandikwa, au mtu akichomoa diski kwa nguvu, ukurasa hubaki nusu. Virusi, kuanguka na uzee pia huliharibu. Hapo kompyuta huangalia mlangoni, haioni daftari, na kusema ghala ni tupu. Kumbe limejaa!

Ziko namna mbalimbali za kupanga daftari hilo. Ile iitwayo NTFS, iliyotoka na Windows NT mwaka 1993, kwanza huandika kumbukumbu ya badiliko inalotaka kufanya, kwa hiyo stima ikikatika mara nyingi hujirekebisha. Zile ziitwazo FAT na exFAT, zinazotumika sana katika fleshi na kadi za simu, hazina kinga hiyo. Ndiyo maana fleshi huharibika ovyo.

Kufomati ni kufanya nini?

Kufomati kwa haraka ni kumpa karani daftari jipya lisilo na neno. Magunia bado yapo, lakini karani anaamini ghala ni tupu, na mzigo mpya ukija ataupanga juu ya ule wa zamani. Kufomati kikamilifu ni kubaya zaidi. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, kufomati huko huandika sifuri juu ya diski nzima. Huko ni kufagia ghala, na hakuna fundi atakayeirudisha omena iliyofagiwa.

Kwa hiyo shikeni neno hili moja: diski ikikataa, usiandike chochote juu yake. Usifomati. Usiweke programu mpya ndani yake. Usihifadhi humo hata barua moja. Chomoa, funga, kaa chini, fikiri.

Hatua za kufuata

*1. Sikiliza diski.* Ndani ya hadidiski ya kawaida mna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Ikigonga tak-tak-tak, ikikwaruza, au isipozunguka kabisa, huo si ugonjwa wa daftari bali ni wa mwili. Izime mara moja. Kila dakika inapowaka inaweza kujikwaruza zaidi. Usiifungue kwa bisibisi na usiigongegonge. Ikitumbukia majini usiiwashe ili kuona kama inafanya kazi. Diski ya namna hii ni ya mtaalamu mwenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake ni kubwa.

*2. Tafuteni nakala kwanza.* Kabla ya kumlipa fundi, ulizeni: kuna mtu alitumiwa faili hilo kwa barua pepe au WhatsApp? Kuna karatasi zilizochapwa kwa mkutano? Kadi za wanachama je? Kitabu cha benki? Ujumbe wa M-Pesa katika simu ya mweka hazina? Mara nyingi nusu ya kitabu iko mikononi mwa watu wenyewe.

*3. Nakilini diski nzima.* Hapa ndipo mafundi wengi wa haraka hukosea. Wanaanza kutengeneza diski yenyewe. Windows ina programu ya kukarabati iitwayo CHKDSK, lakini hiyo husahihisha palepale, kwa kuandika juu ya daftari lile lile bovu. Ikikosea, hakuna kurudi nyuma. Fundi mzuri hunakili kwanza ghala zima, gunia kwa gunia, pamoja na daftari lake bovu, katika diski nyingine yenye nafasi sawa au zaidi. Kisha huiweka ya kwanza kando na kufanyia kazi nakala.

Programu nzuri ya kazi hiyo ni ddrescue, inayotumika katika Linux na ni ya bure. Husoma kwanza sehemu rahisi, halafu hurudi kwenye zile ngumu, na huandika katika faili la pembeni imefika wapi. Hata stima ikikatika katikati, ukilinda faili hilo, inaendelea ilipoachia. Kwetu sisi hilo si jambo dogo! Diski ya gigabaiti 500 kwa njia ya USB ya zamani huchukua muda wa saa nne hadi tano au zaidi, kwa hiyo tumieni laptopu yenye betri nzuri.

*4. Jaribuni kulirudisha daftari.* Programu iitwayo TestDisk, aliyoandika Christophe Grenier na kuitoa bure, hutafuta mabaki ya daftari. FAT kwa kawaida huweka nakala mbili za jedwali lake, na NTFS huweka nakala ya ukurasa wake wa kwanza mwishoni. Ukurasa mmoja ukioza, wa pili huenda ni mzima. Daftari likirudi, mafaili hurudi na majina yake.

*5. Daftari likishindikana, fungueni gunia moja moja.* Ndiyo kazi ya PhotoRec, ndugu ya TestDisk. Yenyewe haijali daftari. Hupita diski nzima ikitazama kilichomo: hii ni picha, hii ni barua, hii ni jedwali la hesabu. Mafaili hutoka bila majina yake, yakiwa na namba tu, kwa hiyo lazima mtu akae ayafungue moja moja. Faili lililokatwa vipande mbalimbali huenda likatoka bovu.

*6. Hifadhini mahali pengine.* Chochote kinachookolewa kiwekwe katika diski nyingine, kamwe kisirudishwe katika ile bovu.

Tuongeze onyo moja. Kompyuta nyingi mpya hutumia diski isiyo na sahani, iitwayo SSD. Nyingi husafisha zenyewe nafasi za mafaili yaliyofutwa, wakati mwingine kwa dakika chache tu. Kwa diski hizo, kuzima upesi ni muhimu zaidi.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Muulizeni swali moja: "Utafanya kazi kwenye diski yenyewe au kwenye nakala?" Akijibu "kwenye yenyewe, ni kazi ya dakika tano," mshukuruni, mwondoke na diski yenu.

Kumbukeni pia mna siri za watu mle: namba za vitambulisho, namba za simu, madeni. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inawataka wanaoshika habari za watu wazitunze. Andikianeni na fundi: bei ni kiasi gani, mtalipa nini asipofaulu, na kwamba atafuta nakala yake kazi ikiisha. Mjumbe mmoja wa kamati akae naye kazi ikifanyika.

Kikundi kiliishia wapi?

Diski ya akina mama haikuwa na mlio mbaya. Tuliinakili usiku mzima, tukalala tukiisikia. Asubuhi TestDisk ilionyesha folda chache tu, na ile ya mikopo haikuwamo. Tukageukia PhotoRec. Ilitoa mafaili mengi yenye majina ya namba, na katibu akayafungua siku mbili mfululizo, macho yakawa mekundu. Siku ya pili jioni akapiga kelele. Jedwali la mikopo lilikuwa limepatikana, lakini liliishia wiki tatu kabla ya ile jioni ya mvua.

Hizo wiki tatu zilijengwa upya barazani, mbele ya wanachama wote. Kila mmoja alileta kadi yake, na mweka hazina akafungua simu yake na kusoma ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine kwa sauti. Yule aliyedai amemaliza mkopo alikutwa bado ana deni, naye akakubali. Wa hisa nyingi alikutwa amesema kweli kwa sehemu: malipo yake ya mwisho hayakuwa yameandikwa. Fedha ziligawanywa kwa siku iliyopangwa. Mmoja wa wale walionong'ona alisimama akamwomba mweka hazina msamaha. Mama alijibu tu, "Mwaka ujao tununue daftari."

Kinga

Mama yule alisema kweli. Kompyuta haikuja kufukuza daftari la karatasi.

- Wekeni nakala tatu za hesabu: moja katika kompyuta, ya pili katika fleshi au diski nyingine, ya tatu mbali na ofisi, kwa mjumbe mwaminifu au katika barua pepe ya kikundi.
- Nakili baada ya kila mkutano, kabla watu hawajatawanyika. Mweka hazina ashuhudie.
- Chapeni ukurasa wa jumla kila mwezi na kuutia sahihi za watu watatu.
- Kabla ya kuchomoa fleshi, iambie kompyuta kwanza. Isubiri ikubali.
- Kompyuta ya mezani inahitaji betri ya akiba. Dakika kumi zinatosha kuhifadhi na kuzima.
- Mara moja kwa miezi mitatu fungueni ile nakala mwone kama inasomeka. Nakala isiyofunguka si nakala.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kompyuta yetu ikikataa kuwaka kesho asubuhi, tutajuaje nani ana deni na kiasi gani?
2. Nakala yetu ya mwisho ni ya lini? Iko wapi, na kwa nani?
3. Ni nani kati yetu, mbali na katibu, anayejua kufungua hesabu zetu?
4. Hesabu zikipotea, tutafanya nini ili tusimhukumu mtu kabla ya kujua ukweli?

Someni makala hii kwa sauti katika mkutano wenu, maana si wote wanaogusa kompyuta, lakini wote wana hisa mle ndani.